Pumzi ya Mkwe

Siku Subilaga aliporudi nyumbani na bangili ya njano mkononi, Mzee Mwasambili alikuwa zizini anakamua. Alipoiona rangi ile ikija kati ya migomba, aliinuka, akabeba ndoo yake yenye maziwa nusu, akaingia chumbani kwake na kufunga dirisha. Baadaye alitoka kwa mlango wa nyuma, akakata jani bichi la mgomba, akalifunga juu ya mlango wa chumba chake. Majirani waliokataa chanjo walifunga majani yao langoni, ila yeye hakufanya hivyo. Kufunga langoni kungekuwa kumzuia mke wa mwanawe asiingie nyumbani kwake mwenyewe, na Mzee alikuwa mkaidi tu, hakuwa na roho mbaya.

Kila mtu huko vilimani Tukuyu alijua maana ya jani lile. Ugonjwa wa mkauko ulikuwa unapanda kutoka ziwani, kijiji baada ya kijiji. Ulianza na kikohozi ambacho mtu angeweza kukidharau, kisha mapafu yakaanza kukauka, na baada ya hapo madaktari hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumshika mgonjwa mkono. Chanjo ilikuwepo, lakini ilikuwa chache mno, dozi moja kwa mtaa mzima. Ndiyo maana waliitengeneza hivyo ilivyokuwa. Aliyechaguliwa na mtaa alipuliziwa dawa puani, dawa ikaota humo kama hamira kwenye unga, na kwa siku kadhaa kila alipotoa pumzi aliitoa pamoja nayo. Ukikaa naye saa nzima katika chumba kilichofungwa, mkapiga soga, ulitoka umechanjwa bila kuguswa na sindano. Bangili ya njano ilivaliwa ili watu wajue. Rangi yake ilififia kadiri chanjo ilivyopungua kwenye pumzi, na ikishakuwa nyeupe kabisa, mvaaji alikuwa mtu wa kawaida tena na dozi ya mtaa imekwisha.

Mtaa ulimchagua Subilaga kwa sababu alikuwa muuguzi na kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ile ile alianza kuitwa nyumba kwa nyumba. Mama Tupokigwe alikusanya ukoo wake wote sebuleni, akafunga madirisha, akapika chai ya tangawizi, wakakaa humo wakivuja jasho kama watu waliofungiwa kwenye tanuri. Wengine walimpungia mkono kwa mbali. Kasyupa, mwenye mashine ya kusaga upande wa pili wa ua, aliamini kwamba chanjo ile inaipa serikali uwezo wa kusikiliza ndoto za watu. Mkewe alisema serikali ikisikiliza ndoto za Kasyupa itasinzia, maana jamaa huota ugali tu. Alisema hivyo huku anacheka, lakini naye hakuvuka ua.

Nyumbani kwa Subilaga walikuwa wamebaki watu wawili. Mumewe, Ambonisye, alikuwa fundi wa treni za umeme, na barabara zilipofungwa alikwama Mbeya. Hivyo walibaki mkwe na mkwe, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Zamani, kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, na akikutana naye njiani anachepuka. Wengi walikuwa wameiacha mila hiyo, hata wazee wa kanisa. Mzee Mwasambili hakuiacha, na Subilaga, aliyelelewa na bibi yake, hakutaka kumlazimisha. Tangu aolewe hawakuwahi kuongea moja kwa moja. Waliongea kupitia kwa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Waziri. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu alikula kuliko wote na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha jambo. Asubuhi Subilaga alisimama upande mmoja wa zizi na kusema, "Waziri, mwambie Baba uji uko tayari." Upande wa pili sauti nzito ikajibu, "Waziri, mwambie nakuja." Waziri alicheua tu. Kwa njia hiyo walikuwa wamezungumzia mavuno, misiba, na hata ndoa ya Subilaga ilipokuwa na matatizo. Mara moja Mzee alimwambia Waziri kwa muda mrefu sana kwamba mwanawe ni mjinga na atamkanya. Ambonisye akakanywa kweli, akatulia.

Basi Subilaga aliendelea kumtumia ng'ombe hata katika jambo hili la chanjo. Alimwambia Waziri amwambie Baba kwamba hii si ile chanjo ya zamani. Alimwambia kwamba watu wa Mama Tupokigwe wote wako wazima. Mzee alijibu kwamba amesikia. Subilaga akamtuma mchungaji, aliyekaa na Mzee barazani na kuondoka na mkungu wa ndizi bila jibu. Akampigia simu daktari wa wilaya, naye akazungumza na Mzee kwenye skrini ya ukutani mpaka Mzee akaomba radhi kwamba maziwa yanachemka. Hapakuwa na maziwa jikoni siku hiyo.

*

Mvua ya Tukuyu haina adabu, inanyesha hata jua likiwaka. Mchana mmoja ilimwagika ghafla, na Subilaga akiwa jikoni alisikia Waziri akilia kwa namna ambayo hakuizoea. Alipofika zizini alimkuta Mzee amelala kwenye tope, mguu mmoja umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki.

Mzee alimwona, akajifunika uso kwa kofia yake. "Waziri," alisema kwa taabu, "mwambie asikaribie."

Subilaga alirudi ndani mbio, akavaa barakoa nzito ya hospitali, ile yenye vichujio viwili isiyoruhusu pumzi kutoka. Alipotoka tena alimwambia Waziri amwambie Baba kwamba muundi umevunjika, kwamba gari la wagonjwa halitaweza kupanda kwenye tope lile, kwamba waliokwisha kuchanjwa si wauguzi na wasiochanjwa wanaogopa kuingia nyumba hii, na kwamba muuguzi wa karibu ni mmoja tu na ndiye anayesimama hapa akilowa. Hakusubiri majibu ya ng'ombe. Alipiga magoti.

Walivyoingia ndani ni jambo ambalo angelicheka mtu wa nje. Subilaga alimbeba Mzee nusu kwa nusu, macho yake ameyakaza kwenye miguu yao. Mzee aliegemea bega la mkaza mwana wake huku akiitazama mvua, kisha dari, kisha ukuta. Walipita chini ya jani la mgomba. Daktari alielekeza kwa simu, droni ikashusha vibanzi vya kufungia mguu na dawa za maumivu, na Subilaga akaufunga mguu vizuri kuliko alivyowahi kufunga mguu wa mtu yeyote. Mzee hakupiga kelele. Aligeukia ukutani na kubaki hivyo.

Tangu hapo alilazimika kuingia mara nyingi kwa siku, kumwinua, kumwosha, kumlisha. Kila mara barakoa ilikuwa usoni. Aligundua mambo ambayo hakuyajua miaka yote hiyo. Mzee alikuwa na kovu refu mgongoni. Alikunja mashati yake kwa utaratibu wa mwanajeshi. Nyuma ya mlango lilikuwa bado limetundikwa gauni la marehemu mkewe, na chini yake viatu vyake, vimepigwa rangi. Subilaga aliviona viatu vile, akatoka haraka kabla hajalia ndani ya barakoa, maana barakoa ikilowa haifai.

*

Habari ilikuja kwa sauti tu. Upande wa pili wa ua, mke wa Kasyupa alianza kukohoa. Mwanzoni alikohoa kama anayesafisha koo. Kufikia jioni ya pili kikohozi kilikuwa kikavu, na Kasyupa alisimama uani akilia waziwazi, akiuliza kama bado kuna chanjo. Subilaga alimjibu ukweli, kwamba kwa aliyekwisha kuugua haisaidii, lakini kwamba yeye Kasyupa aje mara moja akae naye jikoni, mlango na dirisha vimefungwa. Alikaa naye saa nzima huku ameushika mkono wake, wala hakumkumbusha ndoto wala serikali.

Siku iliyofuata mvua ilirudi. Subilaga alifunga dirisha la chumba cha Mzee ili maji yasiingie kitandani, akampa dawa ya maumivu, akaketi kwenye kigoda kusubiri ifanye kazi. Mzee alikuwa amegeukia ukutani kama kawaida. Punde pumzi yake ikawa ndefu na ya taratibu. Kutoka uani kikohozi kilisikika hata juu ya mvua.

Aliitazama bangili. Njano yake ilikuwa imepauka.

Chumba kimefungwa. Mtu amelala. Kilichokuwa kimebaki ni kuvua kitambaa usoni na kukaa, basi. Asingemgusa. Asingemdunga. Angepumua tu, jambo ambalo anafanya kila siku na hakuna anayemshtaki. Baadaye, mkauko ukipita na Mzee akabaki mzima, nani angeuliza? Angeweza kusema ni upepo. Ambonisye angerudi angemkuta baba yake. Subilaga alimpenda yule mzee, na hilo lilimjia wazi sasa hivi kwenye kigoda. Alimpenda kuliko alivyompenda baba yake mzazi, mtu ambaye hakuwahi kumtetea mbele ya yeyote, achilia mbali ng'ombe. Hakuwa tayari kuja kumsikia akikohoa vile.

Alipeleka mkono sikioni, akaachia kamba moja ya barakoa.

"Sijalala, mwanangu."

Subilaga aliirudisha kamba kwa haraka hata akajikwaruza shavu. Ilikuwa mara ya kwanza maneno ya Mzee kumfikia bila kupitia popote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mzee hakugeuka. Aliongea na ukuta, polepole, kwa sauti ya mtu anayesimulia jambo alilolisema peke yake mara nyingi. Alimsimulia kuhusu ile chanjo ya zamani, ya kwanza kabisa ya namna hii, iliyoletwa na mradi ambao jina lake hakutaka kulitaja. Waliwapa watoto shuleni na hawakumwambia mzazi yeyote. Walijua watoto wataipeleka nyumbani. Mjukuu wa dada yake aliipeleka, akamlalia bibi, mke wa Mzee, mapajani mchana kutwa kama watoto wanavyofanya, na bibi alikuwa mgonjwa wa figo anayetumia dawa kali. Haukupita muda mrefu wakamzika.

"Labda ilimuua, labda siku zake zilikuwa zimefika," alisema. "Sijui, na daktari hakujua. Wale watoto wote walipona ugonjwa wa mwaka ule, sikatai. Lakini mke wangu alikuwa mtu mzima. Angeulizwa pengine angekubali, alikuwa mwoga wa magonjwa kuliko mimi. Hawakumuuliza."

Mvua ilinyesha kidogo.

"Na wewe hujaniuliza," alisema Mzee.

Subilaga alitaka kubisha. Ujumbe wote ule! Mchungaji, daktari, na yule ng'ombe aliyebebeshwa habari mpaka akachoka. Kisha alijipitia mwenyewe, neno baada ya neno, na hakulikuta swali hata moja. Alikuwa ametoa taarifa. Alikuwa amesihi. Alikuwa ametuma watu. Kwa bibi yake alifundishwa kwamba mke wa mtoto hamuulizi baba mkwe jambo, kwa sababu swali hudai jibu, na anayejibiwa humtazama mwenzake. Basi kwa heshima hiyo alikuwa amemzunguka Mzee pande zote, na leo heshima ile ile ilikuwa imemfikisha mahali pa kumwibia pumzi usingizini. Alijiona mbaya sana.

Alinyanyuka kwenye kigoda, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba," alisema, na neno lenyewe lilikuwa zito kulitamka hivyo, kwake yeye moja kwa moja. "Chanjo hii huleta homa. Kwa mtu wa umri wako homa inaweza kuwa kubwa. Siwezi kukuapia kwamba haitakudhuru. Mkauko ukikufikia, naamini utakuua. Nataka nikuchanje kwa pumzi yangu. Unakubali?"

Mzee alifikiri. Alifikiri kweli, haikuwa danganya toto.

"Hapana," alisema, kwa upole, kama anayekataa kuongezewa chakula. "Asante, mwanangu. Hapana."

Subilaga alikaza kamba zote mbili. Akaenda dirishani akalifungua wazi, mvua ikarushwa ndani ikalowesha sakafu na ncha ya blanketi, akavuta blanketi lisilowe zaidi. Kisha akaenda jikoni akalia kwa hasira na kwa huruma, vyote kwa pamoja, huku akimenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

*

Alifungua dirisha lile kila alipoingia. Mzee aliletewa uji, akageuzwa, akaoshwa, akabadilishiwa shuka, na hakuna aliyelitaja tena jambo lile. Gari jeupe lilikuja tope lilipokauka, likambeba mke wa Kasyupa. Alikuwa bado anapumua walipompakia, na Kasyupa aliruhusiwa kwenda naye. Mashine ya kusaga ilinyamaza, na mtaa mzima ukawa unatembea kwa kunyata.

Bangili ilikuwa imebaki na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo mno. Siku hiyo Subilaga alikuwa anaokota vyombo, amekipa kitanda mgongo, aliposikia anaitwa kwa jina lake. Hakujua kwamba Mzee anaweza kulitamka.

"Subilaga. Hiyo rangi itafika kesho?"

Alimjibu kwamba hadhani. Ndipo alipoelewa kwamba siku zote hizi Mzee alikuwa anautazama mkono wake, kwa kuwa mkono ndio sehemu pekee ya mke wa mtoto ambayo baba mkwe angeweza kuitazama bila kuvunja adabu. Alikuwa ameifuatilia rangi ile ikififia kama yeye mwenyewe alivyoifuatilia.

"Funga dirisha," alisema Mzee. "Uvue hicho kitu."

Subilaga aliweka vyombo chini. Safari hii hakutaka kukosea. Alimuuliza tena, neno kwa neno, pamoja na ile homa na yale asiyoweza kuyaapia. Alimuuliza kama anakubali kwa kuogopa kile kikohozi, au kwa kumwonea huruma yeye.

"Kikohozi nakiogopa, mimi si mti," alisema Mzee. "Na wewe nakuhurumia. Lakini si hayo. Niliposema hapana ulikwenda ukafungua dirisha. Nilisikia mvua inaingia ndani. Nikasema moyoni, huyu amenisikia. Nakubali."

Alifunga dirisha. Alivua barakoa, akaikunja, akaketi kwenye kigoda bila kujua macho ayaweke wapi, na mwishowe akayaweka kwenye magoti yake. Alihisi uso wake uko uchi. Alimweleza Mzee kwamba lazima ipite saa nzima, na kwamba pumzi hutoka zaidi mtu akiongea.

"Basi ongea," alisema Mzee.

Aongee nini? Alisema maharage yamechanua. Alisema Ambonisye amepiga simu, anasalimu, amenenepa huko Mbeya. Alisema mguu unaunga vizuri. Baada ya hapo wakakaa, wawili hao, wakisikilizana wanavyopumua.

"Ulikuwa zamu siku ile," alisema Mzee. "Mke wangu alipofariki."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Walisema nisubiri. Tangu siku hiyo nataka kukuuliza, nikawa sina njia. Jambo kama hilo hulitumi kwa ng'ombe." Aliisugua shuka kwa kidole. "Alisema chochote?"

Subilaga alikumbuka yote. Alikuwa ameyabeba miaka hiyo yote ndani ya nyumba moja na mtu aliyekuwa na haki nayo, ukuta kwa ukuta, na hakuna siku alipojua kwamba yanasubiriwa. Alimweleza jinsi Mama alivyoomba mto ugeuzwe upande wenye ubaridi. Jinsi alivyolalamika kwamba maji ya hospitali yana ladha ya bomba. Jinsi alivyoushika mkono wake, akadhani ni wa dada yake, akamwita kwa jina la dada yake, naye akaitika.

"Kisha alikuulizia wewe," alisema. "Aliuliza kama umekula."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia umekula, Baba. Akasema vizuri. Hakusema tena."

Mzee aligeuza kichwa kutoka ukutani. Ilimchukua muda, maana shingo ilikuwa imezoea upande ule. Alimtazama mke wa mwanawe usoni, machozi yanamshuka kwenye mikunjo ya mashavu na hayafuti, na Subilaga akainua macho akamwacha amtazame.

"Nilikuwa sijala," alisema Mzee.

"Najua, Baba. Nilikuona pale kwenye benchi."

Alitikisa kichwa kukubali, akavuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Endelea," alisema. "Saa bado haijaisha."